GTX 1060 6GB na RX 580 8GB: nimezitumia zote mbili, haya ndiyo niliyoyaona

Wakuu, nianze na hukumu ili asiye na muda aondoke nayo. Hizi ni kadi za picha (GPU) za kompyuta: RX 580 ni ya AMD, GTX 1060 ni ya NVIDIA. Kwa magemu peke yake, RX 580 ya 8GB inaishinda GTX 1060 ya 6GB, na gemu likizidi kuwa jipya pengo linazidi kuonekana. Ila kwa namna wengi wetu tunavyopata kompyuta hapa Dar, yaani unachukua boksi la ofisini la mtumba Kariakoo halafu ndiyo unaanza kulitafutia kadi, 1060 ndiyo yenye usumbufu mdogo.

Langu ni Dell OptiPlex 9020, lile boksi refu, lenye i7-4790 na RAM 16GB. Wenye nalo wanajua: pawa saplai yake ni ya wati 290 na haina hata waya mmoja wa kupeleka umeme kwenye kadi. Sasa GTX 1060 inataka pini 6 na imepangiwa wati 120. RX 580 inataka pini 8 na imepangiwa wati 185. Fundi wa kwanza niliyempelekea alitaka kuniungia 580 kwa adapta za SATA, zile plagi za umeme za diski. Nikamwambia hapana, plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba mzigo huo, na picha za zilizoyeyuka zimejaa mtandaoni. Nikatafuta pawa saplai ya wati 500 pamoja na adapta ya pini 24 kwenda pini 8, maana madabodi ya Dell hiyo haipokei plagi ya kawaida. Gharama hiyo ijumlishe kwanza kabla hujasema 580 ni ya bei rahisi.

Kwa faida ya wasiozijua: 1060 ilitoka Julai 2016 kwa dola 249, 580 ikafuata Aprili 2017 kwa dola 229. Ya NVIDIA ina kore 1280 na njia ya memori ya biti 192, ya AMD ina kore 2304 na njia ya biti 256. Usilinganishe hizo kore moja kwa moja, kila kampuni ina mahesabu yake. Namba ya kuiangalia ni memori, 6GB dhidi ya 8GB.

Zote nimezichezea kwenye 1080p (Full HD). GTA V haikunionyesha tofauti yoyote ya maana, kadi zote zinapita fremu 60 kwa sekunde kwenye mipangilio ya juu (High) na kinachochoka mapema ni prosesa. Valorant hivyo hivyo. Kama maisha yako ni Valorant na mpira, usihangaike kusoma zaidi, chukua yoyote iliyo nzima. Red Dead Redemption 2 ukichanganya mipangilio ya kati na ya juu inakaa kati ya 45 na 60 kwa zote mbili, 580 ikiwa mbele kidogo, hasa ukiiweka kwenye Vulkan, mfumo wa kuchora picha unaouchagua kwenye mipangilio ya gemu.

Nilipoanza kuziona zikiachana ni Forza Horizon 5. Kwenye High, 580 inapita 60 na kubaki huko. 1060 inaanza vizuri, halafu mvua ikinyesha na magari yakajazana kwenye kona fremu zinashuka, na kwenye gemu la magari mshuko mdogo tu unakutoa barabarani. Hogwarts Legacy nayo ikanionyesha kazi ya zile 2GB za ziada. Nikiwa na 1060 na textures (picha zinazovishwa kuta na vitu) kwenye High, kila nikifungua mlango wa ukumbi mkubwa gemu linaganda kidogo, linaendelea, linaganda tena, na kuna wakati kuta zinabaki na ukungu sekunde kadhaa kabla ya kukaa sawa. Kwenye 580 kugandaganda kulipungua sana. Hakukuisha, maana RAM na prosesa yangu nazo ni za zamani, lakini nilicheza kwa raha. FSR, ile mbinu ya AMD ya kukuza picha ndogo ili fremu ziongezeke, inafanya kazi kwenye kadi zote mbili. DLSS, ya NVIDIA ya kazi kama hiyo, sahau, 1060 ni ya NVIDIA lakini haina vifaa vya kuiendesha.

Kuna magemu ambayo hayaangalii una kadi ipi kati ya hizi. Indiana Jones and the Great Circle inadai kadi yenye vifaa vya ndani vya ray tracing (kukokotoa njia za mwanga), Doom: The Dark Ages vilevile. Kadi zangu zote mbili zinabaki nje ya mlango.

1060 ina mahali inaposhinda, na si padogo. Ukirekodi huku unacheza, NVENC yake, yaani sehemu ya kadi inayobana video, inatoa video safi kuliko ya 580 kwa kiwango kilekile cha data, na gemu halitikisiki. Ukigusa Blender, programu ya kutengeneza 3D, ndiyo kabisa. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 lilipoondoa OpenCL (njia ambayo 580 ilitumia kufanya kazi hiyo), Cycles, injini yake ya kurenda, haitumii tena 580, unabaki kurenda kwa prosesa mpaka kesho. 1060 inaendelea kupiga kazi kwa CUDA, njia ya NVIDIA yenyewe. Mdogo wangu anahariri video za harusi na kujifunza 3D, kwa hiyo 1060 nimempa yeye, na hajawahi kuniuliza habari za Forza.

Kuhusu joto na LUKU, watu wanakuza mambo. Tofauti ya wati 65 ukicheza kwa muda wa saa tatu kila siku ni kama uniti 6 kwa mwezi. Kwa sisi tunaonunua uniti kwa shilingi 356 hivi, hiyo ni elfu mbili na kitu. Aliye kwenye tarifu ya chini ya uniti 75 ndiye wa kupiga hesabu vizuri, asije akavuka. Kinachosumbua kweli ni chumba. Februari ya Dar, dirisha wazi, feni ya dari inazunguka, na 580 inakupulizia hewa ya moto miguuni. Nilipunguza kwa kushusha volteji kwenye programu ya Adrenalin, kutoka 1150 mV mpaka 1075, bila kugusa kasi. Joto likashuka, kelele ikapungua, fremu zikabaki zilezile. Si kila kadi itakubali kiwango hicho, shusha kidogo kidogo huku ukijaribu gemu zito.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakuambia. RX 580 zilipendwa sana na wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, na uchimbaji huo ulipofungwa Septemba 2022 kadi zikamwagwa sokoni kwa wingi. Yangu ilikuwa mojawapo. Dukani iliwaka vizuri, nyumbani draiva zikagoma kabisa: Windows inaiona kadi, lakini inaweka alama ya njano na kukataa kuianzisha. BIOS ya kadi, programu ndogo iliyomo ndani yake, ilikuwa imechezewa. Bahati yangu ilikuwa ya Sapphire yenye swichi ndogo ya BIOS pembeni. Nikazima mashine, nikasogeza swichi kwa ncha ya kalamu, ikawaka na draiva ya kawaida. Nilipoifungua kuisafisha nikakuta pasta ya kupitisha joto imekauka kama chokaa na zile pedi za memori zimetoa mafuta yakatambaa mpaka ukingoni. Pasta mpya na pedi mpya si gharama kubwa, ila feni moja bado inalia asubuhi ikianza kuzunguka.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kwenye flashi na uifungue palepale dukani. Kwa 580 angalia idadi ya Shaders, ndizo zile kore: iwe 2304. Ukikuta 2048, hiyo ni ile 580 ya 2048SP iliyoanzia soko la China, ambayo kiuhalisia ni RX 570 iliyovishwa jina la kaka yake. Kwa 1060 iwe 1280. Ikiwa 1152 umeshika ya 3GB, iache. Na kuna za bandia pia, kadi za zamani za NVIDIA zilizoandikwa upya zijiite 1060. GPU-Z ya karibuni inaziandikia FAKE kabisa. Halafu angalia monita yako. Kadi zote hizi hazitoi VGA, kwa hiyo kama una monita ya ofisini ya VGA peke yake utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani.

Upande wa draiva zote ni wazee. AMD iliitenga familia ya 580 kwenye tawi la pembeni la draiva mwishoni mwa 2023. NVIDIA nayo ilifunga maboresho ya magemu kwa kizazi cha 1060 Oktoba 2025, ikabakiza ya usalama tu mpaka 2028. Magemu yaliyopo hayaathiriki. Mapya yakija na hitilafu kwenye kadi hizi, usitegemee atakayezishughulikia.

Mimi nimebaki na 580 kwa sababu pawa saplai nilishaitoa mfukoni na Forza ndiyo gemu langu. Kama boksi lako halina waya wa kadi na bajeti inabana, 1060 yenye feni moja inakutosha, ingawa nayo pini 6 lazima itoke kwenye pawa saplai ya kueleweka. Ila muuzaji akianza kukutajia bei inayokaribia ya GTX 1660 Super, mshukuru na uondoke. Ile inatumia wati 125, inazipita zote mbili, na draiva bado zinakuja.