Uzoefu wangu na boksi la spika la Marshall 1960A na amplifaya ya valvu

Boksi hili la gitaa lenye spika 4 za inchi 12 aina ya Celestion G12T-75 ninalitumia na amplifaya ya Marshall JCM800 ya wati 100, inayokuza sauti kwa valvu (taa za kioo). Kwa upande wa sauti sina la kulalamikia, na kwa kuwa kila spika inahimili wati 75, boksi zima lina uwezo wa wati 300. Uzito wake ni habari nyingine. Tafuta msaidizi wa kulibeba.

Linalohitaji umakini ni kibati cha nyuma chenye matundu 2 na swichi 1. Swichi ikiwa kwenye mono, yaani spika zote 4 pamoja, tundu moja ni la omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na jingine ni la omu 16, na hutumika moja tu kwa wakati. Ikiwa kwenye stirio, kila tundu huendesha spika 2 kwa omu 8. Mimi hutumia lile la omu 16, na kichaguzi cha omu cha nyuma ya amplifaya nakiweka kwenye 16 kabla ya kuwasha. Anayechomeka waya mmoja huku swichi imebaki kwenye stirio atapata sauti, lakini spika 2 zitakuwa kimya, uwezo utakuwa wati 150, na amplifaya iliyopangiwa 16 itakuwa inabeba 8.

Boksi la mtumba lipimwe kwa mita kupitia waya wake wa spika. La omu 16 husoma kama 12 au 13, kwani mita hupima ukinzani wa koili kwa umeme wa betri, ilhali impidansi, yaani ukinzani wa spika kwa umeme wa sauti, hupanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa. Chezesha swichi taratibu ukiangalia namba: zikirukaruka au kupotea, swichi imechoka, na hilo si dogo, maana inaweza kukata spika, na amplifaya ya valvu ikipigwa bila mzigo, yaani bila spika, volti hupanda kwenye transfoma ya kutolea sauti hadi cheche kuruka kwenye soketi za valvu au transfoma yenyewe kuungua. Amplifaya nyingi za transista hazidhuriki zikikosa spika. Zenyewe huumizwa na omu zilizo chini ya kiwango kilichoandikwa.

Waya wa gitaa usitumike hapa, kwani kiini chake ni chembamba mno kwa mkondo wa spika.

Ninalipendekeza boksi hili kwa mwenye amplifaya zaidi ya moja. Mwenye moja tu ya omu 16 atatoshwa na boksi lisilo na swichi, ambalo pia lina kitu kimoja pungufu cha kuharibika.