Samaki-simba na chewa kwenye miamba ya Bahamas

Wote wawili huvizia samaki wadogo na kuwameza wazima. Chewa hutegemea kuchomoka ghafla, na mawindo ya huko wamemzoea, hukimbia mapema. Samaki-simba, mgeni kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki, hana haraka: hutandaza mapezi yake, humsogelea samaki polepole, kisha humpulizia maji usoni. Akigeuka kuukabili mkondo, kichwa tayari kiko mdomoni!

Tumbo lake hutanuka hata mara 30. Katika majaribio huko Bahamas, alipunguza samaki wadogo takriban mara 2.5 zaidi ya chewa mdogo wa kimo kilekile. Wanaoliwa ni pamoja na watoto wa pono, walaji wa mwani unaosonga matumbawe, hilo linauma. Kwangu, chewa aachwe azaane, samaki-simba avuliwe.