Tahadhari kwa wanunuzi wa magari Lubumbashi: bei inayokatwa kufuata mfuko wako

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa, pamoja nanyi mnaotuma fedha kutoka ugenini ili jamaa zenu wawanunulie gari hapa, ninaandika tahadhari hii kwa sababu kuna Toyota Noah moja ya rangi ya fedha inayouzwa mjini kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na mimi ni mmoja wa waliokwisha kuilipia akonti, yaani malipo ya awali. Sitataja jina la mtu wala parsele (kiwanja cha nyumba) inakoegeshwa, kwa kuwa malalamiko yetu yamefika parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na sitaki kuyaharibu. Lakini jinsi kazi yenyewe inavyofanywa nitaieleza yote, maana majina na namba za simu hubadilishwa kila wiki, ila mtego ni uleule.

Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, iliangukia mwanzoni mwa kiangazi, nikaongeza akiba tuliyokuwa nayo nyumbani, nikafikisha dola 5,300. Kwa majuma matatu nilikuwa nikiulizia Noah za umri wa wastani, na bei niliyokuwa nikitajiwa kila mahali ilikuwa kati ya dola 7,500 na 8,200, nami nikawa nimeanza kuzoea wazo la kusubiri mwaka mwingine. Ndipo tangazo likaingia katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule ya watoto wangu: Noah safi, karatasi zote ziko, dola 6,500, bei ya kuongea. Nilimpigia simu komisionere, yaani dalali wa gari hilo, siku ileile. Kabla sijauliza lolote kuhusu injini au karatasi, yeye ndiye aliyeniuliza: "Papa, weye uko na ngapi mu mukono?"

Nilimjibu ukweli. Nilimwambia nina elfu tano na kidogo, nikidhani kwamba kumwonyesha mapema uwezo wangu kungetuepusha sote na maneno mengi. Akasema atazungumza na mwenye gari. Baada ya robo saa alinipigia akiwa na furaha ya mtu aliyemshindia ndugu yake kesi, akaniambia mwenyewe amekubali dola 5,200. Kwa hiyo, bila mimi kuomba hata mara moja, bei ilikuwa imeshuka kwa dola 1,300, na ilikuwa imesimama dola mia moja tu chini ya fedha zote nilizokuwa nazo duniani. Siku ile niliona ni baraka. Leo naona kwamba ile haikuwa bei ya gari hata kidogo. Kilichopimwa kilikuwa mfuko wangu.

Tulikutana kesho yake jioni katika parsele moja upande wa Bel-Air. Injini ilikuwa tayari inanguruma nilipofika, na kapo, kifuniko cha injini, ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuiegemeza mkono. Yeyote anayejua magari atakwambia kwamba gari la kuuzwa linapaswa kuwashwa likiwa baridi, mbele ya mnunuzi, kwa sababu asubuhi ndipo injini iliyochoka hujifichua kwa moshi wa buluu, kwa kugonga au kwa kukataa kuwaka. Nilisema nitarudi na fundi wangu asubuhi. Komisionere akanivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenitakia mema: "Papa, kuko mutu mwengine, anakuya na franga saa kumi. Leta akonti, tukuwekee."

Nilitoa dola 1,000. Nilipewa reçu, yaani stakabadhi, ya karatasi ya daftari yenye tarehe, kiasi, sahihi, na maneno "akonti ya gari Noah". Haikuwa na namba ya shasi wala namba ya plake (kibao cha usajili), haikuwa na jina la mwenye gari, wala haikusema akonti itakuwaje ikiwa gari litakutwa na kasoro. Nasema haya bila kujificha kwa sababu waliokuja kunionyesha reçu zao baadaye walikuwa na karatasi inayofanana na yangu karibu neno kwa neno.

Siku ya pili yake nilimleta fundi. Mita ilionyesha kilomita 78,000, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika upande mmoja hadi chuma kinaonekana, na usukani ulikuwa unang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Fundi hakubishana na mtu. Alifuta kwa kitambaa chenye petroli kibati kilichopigiliwa katika chumba cha injini, akanisomea herufi za mwanzo: ZRR70. Hizo ni herufi za Noah, na hapo hapakuwa na tatizo. Kisha akaomba kitansi ya duane, risiti ya ushuru wa forodha, niliyoonyeshwa jana nikiwa na haraka, akaweka kidole mahali pa namba ya shasi. Ilianza na NCP60. NCP60 ni Toyota ist, yale magari madogo ambayo yamejaa katika teksi zetu. Ushuru uliolipwa mpakani Kasumbalesa ulikuwa wa gari lingine kabisa, na ile Noah mbele yetu haikuwa na karatasi hata moja iliyo yake.

Naomba msomaji akae kidogo na jambo hili, kwa sababu ndipo dola 1,300 zilipotoka. Magari yetu mengi hununuliwa Japani, hushushwa bandari ya Dar es Salaam, hupita Tunduma na Nakonde, huvuka Zambia yote, kisha huingia Kasumbalesa, na kila hatua ina gharama yake: meli, bandari, dereva, mafuta, deklara (wakala wa forodha), na mwisho duane yenyewe, kabla hata ya plake na karte rose, kadi ya usajili wa gari. Mtu aliyelipa njia hiyo yote hawezi kukuachia gari chini ya kile kilichomtoka, isipokuwa awe na shida kubwa sana, na mwenye shida kubwa bado huwa na karatasi. Bei ikiwa chini kuliko safari ya gari, kuna hatua katika safari hiyo ambayo haikulipwa, na siku ambayo polisi au watu wa duane watalisimamisha gari barabarani, atakayedaiwa ni yule aliyeshika usukani.

Nilipodai fedha yangu, niliambiwa kwamba mwenye gari alikwisha kwenda nayo Kolwezi. Kisha simu ikazimwa. Niliporudi kwenye ile parsele niliwakuta watu wawili langoni, mama mmoja anayeuza samaki wakavu sokoni Kenya, mtaa wa hapa mjini, na kijana mmoja wa Katuba, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Tuliziweka reçu zetu pamoja juu ya kiti cha mlinzi. Mama alikuwa ameambiwa bei ya mwisho ni dola 5,000, nami 5,200, na kijana 4,800. Nikawauliza kama waliulizwa pia, siku ya kwanza, wana kiasi gani mkononi. Mama alijibu polepole: alisema ana 5,000 kamili, alizotoa mtoto wake aliye Ndola. Kijana alikuwa na 4,900. Gari lilikuwa moja, bei zilikuwa tatu, na kila bei ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha aliyekuwa anasikiliza.

Kwa hiyo tahadhari yangu ya kwanza, ambayo naiweka mbele ya mambo ya injini, ni kwamba usimwambie komisionere una kiasi gani. Hata komisionere mwaminifu, na wapo, nimewafahamu wenye kufanya kazi hii kwa heshima miaka mingi, hana haja ya kujua hilo ili akuonyeshe gari. Akisisitiza, mjibu kwamba fedha itategemea hali ya gari na karatasi zake, kisha rudisha mazungumzo kwenye namba ya shasi. Mwombe akutumie picha ya namba hiyo, ya karte rose na ya kitansi ya duane kabla hamjataja bei yoyote. Anayekataa kutuma hizo na bado yuko tayari kukupunguzia mia tano kwa simu, amekwisha kukujibu.

Ya pili ni kuhusu mwenye gari. Komisionere ana bei yake na mwenye gari ana yake, na pengo lililo kati ya bei hizo mbili ndilo linalomlisha komisionere. Hilo tunalijua wote na si kosa likisemwa wazi. Lakini mapatano ya bei yafanyike mbele ya yule ambaye jina lake liko kwenye karte rose, akiwa na kitambulisho chake mkononi. Ikiwa amefariki, waje warithi wakiwa na hati zao, na si mpwa mmoja peke yake mwenye funguo. Sheria yetu ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo ingali inatumika, haiutambui uuzaji wa kitu cha mtu mwingine. Kwa hiyo hata ukilipa fedha yote na kupata acte de vente, hati ya mauziano, mwenye mali anaweza kuja kulichukua gari lake.

Nataka pia nieleze jinsi mapatano ya kweli yanavyokuwa, kwa sababu baada ya kuibiwa mtu huanza kuogopa kila muuzaji, na hiyo pia ni hasara. Mwezi uliopita nilimsindikiza shemeji yangu kununua RAV4 kwa mzee mmoja wa Kampemba, mfanyakazi mstaafu. Aliomba dola 7,400. Tulifika saa moja asubuhi, injini ikiwa baridi kama jiwe, akatupa funguo tuwashe wenyewe. Fundi alikagua kwa muda wa saa nzima. Tairi mbili za nyuma zilikuwa na tarakimu 1114 ubavuni, maana yake zilitengenezwa juma la 11 la mwaka 2014, na mpira wake ulikuwa umeanza kupasuka. Amortisere (shokabzoba) moja ya mbele ilikuwa inavuja mafuta. Shemeji hakusema "punguza, baba" bila sababu. Alimwonyesha mzee kila kitu kwa kidole, akamtajia bei tuliyokuwa tumeulizia madukani, tukajadili kitu kimoja kimoja. Mzee alikubali tairi. Kuhusu amortisere alibisha sana, akasema alizibadilisha juzijuzi, akaingia ndani kuleta faktura (ankara), akakuta aliyoibadilisha ni ya upande mwingine, akacheka, akakubali nusu. Tulimaliza kwa dola 7,050 baada ya muda mrefu na chupa mbili za maji.

Tazameni tofauti. Yule mzee aliitetea bei yake kwa sababu alijua gari lake lina thamani gani na alikuwa na karatasi za kuthibitisha, na kila dola aliyoiachia ilikuwa na sababu tuliyoiona kwa macho. Yule wa Bel-Air aliachia dola 1,300 kabla hata hatujaonana. Na alipokuwa akipunguza, kila mara aliomba kitu badala yake: nisilete fundi leo, nisisubiri kesho, nisiulize zaidi. Punguzo linalodai kwamba usikague, likataeni hata kama moyo unauma, kwa sababu hapo mnauziana ukimya wenu.

Akonti yenyewe siikatazi. Shemeji alitoa dola 200, lakini baada ya ukaguzi, mikononi mwa mwenye gari, kwa karatasi yenye namba ya shasi, bei yote mliyopatana, tarehe ya kumalizia, na sentensi inayosema kwamba fedha itarudishwa ikiwa karatasi zitakutwa na kasoro. Kitansi ya duane tuliipeleka kwa deklara atuhakikishie kabla ya kumaliza malipo. Fedha iliyobaki ililipwa siku ya kusaini kwa notere, mthibitishaji wa hati. Na kwa gari lililotoka Japani karibuni, ombeni pia cheti cha kulitoa nchini kule, kwa maana huwa kimeandikwa kilomita zilizosomwa kwenye mita wakati wa ukaguzi. Mkikuta cheti kinasema 140,000 na mita inasema 78,000, hamhitaji tena maneno ya mtu.

Sasa jambo la haraka. Jumapili iliyopita ile Noah ilitangazwa tena, kwa namba nyingine ya simu, kwa dola 4,900. Katika picha plake imefunikwa kwa kitambaa chekundu, lakini chini ya kishikio cha mlango wa kuteleza wa upande wa kushoto kuna mkwaruzo uliopinda kama ndoano, na huo niliugusa kwa mkono wangu. Ikiwa umeonyeshwa gari hilo, usitoe kitu. Ikiwa ulikwisha kutoa, usimtukane mtu kwa simu wala usifute ujumbe wowote. Hifadhi reçu, picha na sauti zote kama zilivyo. Kosa hili ni escroquerie, yaani utapeli, liko katika kifungu cha 98 cha sheria yetu ya makosa ya jinai, na malalamiko ya watu watano kuhusu gari moja yana uzito ambao langu peke yangu halikuwa nao. Mimi, mama wa Kenya na kijana wa Katuba tutarudi parke Alhamisi asubuhi na nakala za karatasi zetu. Aliye na yake aniandikie kabla ya Jumatano jioni, tuende pamoja.