Laptopu mpya, antivairasi imegoma kuhama

Laptopu yenyewe sina ugomvi nayo. Chaji inakaa, kibodi laini, kioo hakichoshi macho. Ugomvi wangu ni na vitu vilivyokuja ndani yake bila mimi kuviomba, hasa ile antivairasi ya majaribio ya siku 30.

Nimeinunua Kariakoo miezi michache iliyopita, boksi halijafunguliwa, risiti ya EFD mkononi. Kuiwasha tu nakuta magemu ya karata, duka la mtandaoni ambalo hata halileti mzigo huku, na programu mbili za kampuni ileile, zote zikidai kazi yao ni kusasisha draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta). Hizo ziliondoka bila kelele. Antivairasi ndiyo iliyogoma.

Kwanza inakula bando. Natumia hotspoti ya simu kama wengi wetu. Najiunga asubuhi nitume faili za kazi, saa sita haijafika meseji imeshaingia: umetumia asilimia 75. Nani katumia? Yeye, anajisasisha kimyakimya. Sikumwita, na bado namlisha. Halafu lile dirisha jekundu la "kompyuta yako iko hatarini" likachagua kutokea nikiwa nimeunganisha projekta mbele ya mteja. Mteja akaniuliza kwa upole kabisa, "Hiyo mashine ina virusi?" Naanzia wapi kumweleza?

Jioni nikabofya kuondoa. Likaja dirisha lenye kitufe kikubwa cha kijani cha kubaki, na chini yake maandishi ya kijivu yaliyofifia mpaka uinamishe kioo ndiyo uyaone: endelea kuondoa. Nikaendelea. Unaondoka kwa nini? Nikachagua sababu. Basi chukua punguzo la bei. Sitaki punguzo! Zima uwashe. Nimezima, nimewasha, ikoni haipo, lakini kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe bado imekaa, imetulia tuli.

Nikampigia jamaa wa dukani. "Dada, hizo zinakuja nazo kutoka kiwandani. Ilete, elfu thelathini nakusafishia." Elfu thelathini kutoa uchafu nilioulipia! Nikamwambia asante kaka, nikakata simu.

Kilichosaidia ni programu maalumu ya kuondolea, inayotolewa bure na haohao wenye antivairasi. Yaani wanajua kabisa kwamba njia ya kawaida inaacha mabaki. Ilipotoka, Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows, ikajiwasha yenyewe, bila kudai hata senti.

Anayeona nakuza mambo akumbuke Superfish. Mwaka 2014 Lenovo (siyo kampuni ya laptopu yangu) ilitoa baadhi ya laptopu zikiwa na programu hiyo, ikichomeka matangazo hata kwenye kurasa salama kwa kutumia cheti chake yenyewe cha kidijitali (kile kinachoithibitishia kompyuta kwamba tovuti ni ya kweli). Mapema 2015 ikabainika cheti ni kilekile kwenye mashine zote, kwa hiyo mdukuzi angeweza kukigeuza silaha.

Mabaki mengine yalinichosha, nikaamua kufuta kila kitu. Angalizo: usikimbilie kurejesha mashine kwa nakala ya kiwandani, uchafu wote utarudi nayo. Tafuta flashi ya GB 8, pakua Windows safi kutoka Microsoft kwenye Wi-Fi ya mtu mwingine (ni GB kadhaa, usithubutu kwa bando), hamisha faili zako kwanza, kisha ipige upya. Kama mashine ilikuja na Windows yenye leseni, leseni imo kwenye mashine yenyewe. Ukiulizwa namba, ruka.

Ikawa mashine nyingine kabisa. Inawaka haraka, feni kimya, bando linafika jioni. Nikasema potelea mbali, nawapa nyota nne. Sijamaliza hata chai, kona ya chini kulia kampuni ya laptopu inaniuliza kama ningependa kuweka programu yao.

Nyota mbili.