Seli za Anime Zilizopakwa Rangi kwa Mkono: Ipi Inunuliwe Kwanza

Kabla studio za Japani hazijahamia kwenye kompyuta, kuelekea mwaka 2000 na muda mfupi baada yake, kila mhusika wa anime (katuni za Kijapani) aliyepita mbele ya kamera alichorwa kwenye seli, yaani karatasi ya plastiki angavu yenye mistari upande wa mbele na rangi iliyopakwa kwa brashi upande wa nyuma. Hata Sazae-san, iliyodumu na seli kuliko vipindi vingine vya televisheni, iliziacha mwaka 2013.

Nafasi ya kwanza naipa seli ya kipindi cha televisheni iliyopigwa picha kweli, ikiuzwa pamoja na mchoro wake wa penseli, uitwao douga. Matundu ya kushikizia ukingoni, namba ya mfuatano pembeni, kama A1 au B7, na mchoro unaolingana nayo mstari kwa mstari, vikikutana pamoja, ni ushahidi mzuri wa uhalisi. Bei hupandishwa na sura ya mhusika. Mimi ningechagua mhusika mdogo anayeonekana uso mzima, macho wazi, kuliko shujaa maarufu aliyegeuza kisogo.

Seli yenye mandhari yake halisi, yaani mchoro wa mahali uliowekwa chini yake, hupendeza zaidi, lakini naiweka ya pili. Mandhari moja ilitumika chini ya seli nyingi za tukio lilelile, hivyo jozi za kweli ni chache na ghali, na wauzaji wengi huweka mandhari ya tukio jingine au nakala tu.

Ya tatu ni hanken, seli iliyopakwa kwa ajili ya majarida na matangazo: kazi safi, ila haikuingia kwenye filamu. Nakala za kiwandani ni za mwisho, ingawa kwa kutundika ukutani zinafaa, kwa kuwa mwanga hufifisha seli halisi.

Usilipe kabla ya kuona picha za pande zote mbili na kuuliza kuhusu harufu. Harufu ya siki ina maana kwamba asetati, plastiki ya seli yenyewe, imeanza kuoza, na joto na unyevu, kama wa Mombasa au Dar es Salaam, huharakisha uozo huo. Seli ya namna hiyo itengwe na nyingine, mahali pakavu, penye ubaridi na hewa ya kutosha. Mchoro ulioganda nyuma ya rangi usibanduliwe kamwe, kwa sababu rangi hutoka nao.