Kompyuta ya nguvu ya nyumbani: ununue iliyokamilika au uunge mwenyewe? Nimezipanga kwa hali ya soko la sasa

Wadau, kama uko Dar na unatafuta mashine ya kuediti video, kupiga kazi za Blender (programu ya 3D) au kucheza gemu nzito, jibu la leo sio lile la miaka mitatu iliyopita na sababu kubwa ni RAM, ile memori ya kompyuta inapofanyia kazi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM dunia nzima imepanda vibaya manake viwanda vinaelekeza mzigo kwenye seva za AI, Micron wenyewe Desemba 2025 walitangaza wanaachana na Crucial, yaani zile RAM na SSD zao za watu wa kawaida ambazo mafundi wengi walikuwa wanaziamini. Kwahiyo mashine ambayo tayari ina RAM ndani imepanda thamani, na hilo ndo limebadilisha mpangilio wangu. Kigezo kingine ninachokiangalia sana ni hiki: siku kifaa kimoja kikifa, utapata kingine Kariakoo jioni hiyohiyo au utakaa unasubiri mzigo?

Namba 1: tawa (ile kesi ndefu ya kusimama) ya ofisini, mtumba, halafu uongeze kadi ya grafiksi

Naongelea zile mashine za kazi zinazotolewa maofisini Ulaya na Marekani zikaletwa huku, hasa Dell Precision na HP za Z. Lenga Precision 3630 Tower au HP Z2 G4 Tower, zenye Intel kizazi cha 8 au cha 9. Kwanini hizo? Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8 na Windows 10 ilishakatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, afu RAM zake ni DDR4 (aina iliyotangulia DDR5) ambazo ukija kuunga mashine yako baadae unahama nazo. Wengi wanachukua HP Z440 kwasababu ni dude kubwa, ina Xeon (prosesa za Intel za seva na mashine za kazi), imejazwa RAM za kutosha na bei yake inavutia, na kwa rendering, yaani kutoa picha au video ya mwisho, kweli inapiga kazi, ila zile RAM ni za seva hazifanyi kazi kwenye madabodi za kawaida na Xeon zake za E5 v3 na v4 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Kama unajua hivo na bado unaitaka, sawa, kaichukue.

Sasa sehemu inayoliza watu ni pawasaplai. Hizi Dell na HP zinatumia pawasaplai za maumbo yao na plagi zao, sio ile ya kawaida unayoikuta kila duka. Precision 3630 zipo zenye wati 300 na zipo zenye 460, na kwa nje zinafanana kabisa. Mwambie muuzaji afungue kifuniko, usome stika ya pawasaplai kwa macho yako. Tundu la madabodi lenyewe linatoa wati 75 tu, kwahiyo ukikuta ni ya 300 usihangaike, weka RTX 3050 ya gigabaiti 6 inayokula wati 70, nyingi hazina hata tundu la waya wa ziada. Ukitaka RTX 3060 ya gigabaiti 12, hiyo inakula 170, hapo tafuta yenye 460 na uhakikishe ina waya wa kadi.

Ukiwa bado dukani fanya haya kabla hujatoa hela, na usikubali winga akuharakishe. Iwashe ubonyeze F2 kama ni Dell au F10 kama ni HP uingie BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe kabla ya Windows. Ikikuomba paswedi ambayo muuzaji hana, iache hapohapo, hiyo ni paswedi ya kampuni ilikotoka na kuitoa ni kazi nyingine. Ikifunguka, soma prosesa na RAM humo humo, usisome kwenye karatasi iliyobandikwa nje. Kisha weka programu ya CrystalDiskInfo uone diski imetembea masaa mangapi.

Kadi za mtumba nazo zina mambo yake. Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi za migodi zilimwagika sokoni. Iliyochimba sio lazima iwe mbovu, ila iendeshe FurMark (programu ya kuikamua kadi) robo saa huku unasikiliza feni na kuangalia joto. Fungua pia GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kadi ya kizamani iliyobadilishwa jina ijifanye mpya inaandikwa FAKE mbele ya jina.

Namba 2: kuunga mwenyewe

Kama RAM zingekuwa bei ya zamani hii ingekuwa ya kwanza bila ubishi, manake kila kifaa ni cha kawaida, kikifa kimoja unabadilisha hichohicho na maisha yanaendelea. Kwa mfuko wa kawaida bado nashauri AM4, tundu la prosesa za AMD linalotumia DDR4: Ryzen 5 5600, kori 6, wati 65, na madabodi ya B550. Kumbuka 5600 haina grafiksi ndani, bila kadi hupati picha, kama kadi utanunua baadae chukua 5600G. AM5, tundu lililofuata, ilitoka 2022 na AMD wameahidi kuiendeleza mpaka 2027 na zaidi, ni njia nzuri kwa mwenye hela, ila inalazimisha DDR5 na bei zake kwa sasa zinaumiza.

Prosesa, RAM na kesi nunua mtumba bila hofu. Pawasaplai na SSD nunua mpya, hapo usibane matumizi kabisa. Na ukiona Core i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14 zinauzwa mtumba kwa bei ya kutupa, jiulize kwanini, zile zilikuwa na tatizo la volti lililokuwa linaziharibu taratibu na Intel walitoa marekebisho ya BIOS Agosti 2024, iliyokwishaharibika kabla ya hapo haiponi.

Namba 3: ya gemu iliyofungwa tayari dukani

Inamfaa asiye na muda na anayetaka waranti ya sehemu moja. Dai orodha ya kila kifaa kwa jina kamili, hasa pawasaplai na madabodi, manake hapo ndo wanapopunguzia gharama huku kesi inawaka taa rangi zote. Na "Core i7" peke yake haina maana yoyote, i7 ya kizazi cha 3 inaachwa mbali na i3-12100.

Namba 4: laptopu ya gemu

Kwa mwanafunzi anayehama hosteli au mtu anayeediti site, chukua, na betri yake inakuokoa umeme ukikatika. Ila jina la kadi linadanganya: RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 au hadi 115 kutegemea kampuni ilivyoamua, na imechomelewa kwenye bodi, ikifa umekwama.

Namba 5: vile vidogo vya ofisini, OptiPlex SFF za Dell na ndugu zake

Kwa kazi za Excel na shule ni vizuri sana. Kwa kazi nzito achana navyo, kadi zinazoingia ni fupi tu, chaguo ni chache na pawasaplai ni ndogo.

Chochote utakachochukua tenga hela ya UPS (kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme) tokea mwanzo. Umeme ukirudi kwa kishindo ndo unaoua madabodi. Na pawasaplai za bei rahisi angalia nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu, ikionyesha 115 isukume iende 230 kabla hujachomeka, ukisahau inalipuka papo hapo. Zisizo na swichi soma stika, iwe inafika 230V, mfano 100-240V, ikiandikwa 110 au 115 peke yake mrudishie mwenyewe.