Mbegu ya K326: nzuri banini, dhaifu mizizini

Kwa mkulima wa tumbaku ya mvuke (inayokaushwa kwa joto ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia) Urambo, Kaliua au Sikonge mkoani Tabora, K326 bado ni mbegu ya kuaminika, mradi shamba halina historia ya minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi. Ilitolewa Marekani na kampuni ya Northup King miaka ya 1980, na kilichoipa jina ni ubora wa jani kuliko wingi wa kilo. Anayetaka kilo mara nyingi huelekea kwenye KRK26, chotara ya kituo cha utafiti wa tumbaku cha Kutsaga, Zimbabwe, ambayo mbegu yake hairudiwi msimu wa pili.

Jani la K326 huiva taratibu na huvumilia kukaa shambani. Mwenye bani moja anaijua thamani ya hilo: bani likiwa bado na mzigo, siku chache za kusubiri hazimtii hasara. Panda kwa sentimita 120 kwa 50, karibu miche 6,700 kwa ekari. Kata ua mapema, bakiza majani 18 hadi 20, na usiache maotea (machipukizi ya pembeni) yakue. Chuma kuanzia chini, majani 2 au 3 kwa kila mche kila awamu. Ukizidisha CAN, mbolea ya nitrojeni, jani la juu linabaki kijani kibichi, nene, na banini halikusamehi.

Humo banini ndimo K326 inapolipa. Anza na nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi na unyevu mwingi mpaka bapa la jani liwe njano. Kisha fungua hewa, upandishe kama nyuzi 1 kwa saa hadi 54 hivi. Ukikimbiza moto mapema, ukijani unakwama humo na hautoki tena. Ukipandisha joto wakati jani bado lina maji na hewa imefungwa, linageuka kahawia. Vikonyo vinamalizikia nyuzi 70 hadi 74. Ukipita hapo sukari inaungua na jani linapiga wekundu.

Sasa mizizi. Utaambiwa inastahimili minyoo fundo, na hiyo ni nusu ya ukweli. Kinga yake ni dhidi ya spishi moja ya minyoo hao, Meloidogyne incognita, tena mbari ya 1 na ya 3 tu. Kwa spishi nyingine, Meloidogyne javanica, wanaopenda udongo wa kichanga kama wa Tabora, kinga hiyo haifui dafu. Ng'oa mche mmoja uliodumaa, suuza mizizi: vinundu vilivyopangana kama shanga vinatosha kukujulisha. Hapo zungusha karanga, wala usithubutu nyanya au bamia. Dhidi ya batobato nako K326 haina kinga; ni ugonjwa wa virusi vinavyoweza kubebwa na tumbaku ya sigara, kwa hiyo anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Sokoni, tumbaku ya mvuke ndiyo yenye sukari nyingi na uti wa mgongo wa sigara nyingi. Burley, inayokaushwa kwa hewa kivulini kwa wiki kadhaa, karibu haina sukari, na kazi yake ni kunyonya viungo vya kiwandani kwenye mchanganyiko wa mtindo wa Kimarekani. Ya moshi, inayolimwa Songea na Namtumbo, ina harufu nzito na soko lake ni jembamba zaidi. K326 ikiivishwa vizuri, majani ya katikati na ya juu huleta ladha; ya chini huishia kuwa ya kujazia, na bei yake ni ya kujazia.

Mbegu nzuri haiokoi robota (furushi la tumbaku) lililochanganywa. Mteuzi, anayepanga madaraja sokoni, akikuta majani ya chini yamefichwa chini ya ya juu, analishusha daraja lote au analirudisha. Funga kwa kamba ya katani au juti: uzi wa mfuko wa plastiki ukikatikia ndani ya tumbaku, kiwandani hauonekani mpaka umeshasagwa.

Nyota 4 kati ya 5 kwa shamba lililopumzishwa. Kwa shamba lenye vinundu, 2, na hiyo ya pili ni ya rangi ya jani.